Kibuyu cha Mama Bango

Tangu bango liliposimamishwa kando ya shamba lake, nje kidogo ya mji wa Busia, Maximilla Nanjala hakuwa tena mtu wa kusalimiwa kwa kupita. Bango lile lilikuwa refu kuliko nyumba yake, na lilipakwa rangi vizuri kuliko nyumba yake. Lilimwonyesha yeye mwenyewe, kavaa kofia ya kijani, kakumbatia hindi nene kama mtu aliyeletewa mjukuu, na chini yake maneno makubwa: MIMI NIMESAHAU MBEGU YA ZAMANI. WEWE JE? Kampuni ya Mavuno Tele ndiyo iliyompiga picha, ikamvika kofia, ikampa na cheo cha mkulima wa mfano. Majirani, ambao hawakupewa hata kofia, wakamwita Mama Bango. Yeye akadhani wanamsifu.

Na kusahau, alisahau kweli. Sydney, kijana wa kampuni, alimweleza kwamba haipendezi mkulima wa mfano kuning'iniza juu ya meko kibuyu cheusi kwa masizi. Wageni wa Nairobi wakikiona watasemaje? Basi Maximilla akakiteremsha kibuyu cha mbegu alichoachiwa na mama yake, akayatoa mahindi ya rangi tatu, meupe, mekundu na ya zambarau, akawamwagia kuku. Kuku wakamaliza asubuhi moja mbegu waliyoilinda wanawake wa vizazi vitatu. Mumewe Osborn, mtu wa maneno machache, alisema tu, "Kuku wameshiba."

Kisha Maximilla akatia sahihi mkataba wa kampuni, wa kurasa kumi na moja. Katika kurasa zote hizo alisoma mstari mmoja, ule wenye jina lake, akahakikisha limeandikwa sawasawa.

Tusimsingizie mtu: msimu wa kwanza ile mbegu ya kampuni, Tajiri Tisa, ilizaa. Maximilla alijaza ghala. Siku hizo redioni watu walikuwa wakigombana kuhusu mahindi ya maabara. Huyu anasema yatawaotesha wanaume matiti, yule anasema bila hayo tutakufa njaa sote, na kwenye kituo cha bodaboda wabishi walifuatilia mjadala huku wakila chapati za ngano iliyotoka wasikokujua. Sydney mwenyewe alipoulizwa kama Tajiri Tisa ni ya maabara alijibu kwamba hilo ni swali zuri sana, kisha akagawa kofia.

Msimu wa pili mbegu ya bure ikaisha, na ya dukani ilikuwa na bei ya kumfanya mtu aombe kiti. Maximilla akafanya kama alivyofundishwa utotoni: akachagua mahindi yaliyonenepa, akapukuchua, akapanda tena. Yakaota, lakini yakaota na vimo mbalimbali kama watoto kwenye gwaride la shule. Sydney akaja, na kwa mara ya kwanza akaja bila kamera.

"Mama, hii ni kuiba," alisema kwa huzuni.

"Nimeiba shambani mwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nimemwibia nani?"

"Sisi. Mbegu ina haki miliki. Ndani ya kila punje mna wazo la kampuni, na hukulipia kulipanda mara ya pili."

Maximilla akaokota punje moja akaichungulia. Aliona tundu la fukusi, na ndani yake fukusi mwenyewe, ambaye hakuwa ametia sahihi popote. Sydney alimsamehe mara hiyo moja tu, kwa heshima ya bango. Ikafika mwezi wa tatu, mvua zikaanza kunukia upande wa ziwa, na mkulima wa mfano hakuwa na punje hata moja aliyoruhusiwa kuitia ardhini.

Ndipo alipokumbuka kibuyu cha Carol.

Kwao binti haolewi bila kibuyu cha mbegu kutoka jikoni kwa mama yake. Sufuria atanunuliwa na mume, mbegu hainunuliwi. Carol alipoolewa na Oluka, huko Merikit upande wa Tororo, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, Maximilla alimfungia kibuyu. Lakini Carol ni msusi mjini Tororo na hajawahi kulima hata bizari, kwa hiyo kibuyu kilibaki kwa mama mkwe wake, Amongin. Na hapo ndipo penye mwiba. Mtu haendi kwa wakwe kuomba, huenda kupeleka. Isitoshe, Krismasi iliyopita Maximilla alimpelekea Amongin zawadi ya bango dogo la karatasi, lile lile la kofia, akamwambia alibandike ukutani apate kujifunza.

Alikwenda hivyo hivyo, na kilo mbili za sukari na kuku mmoja wa ukoo wa wale walioshiba. Alipofika Merikit, macho yake yalianguka kwanza kwenye ghala la Amongin. Bango lake lilikuwapo. Lilikuwa limeziba tundu la panya.

"Mama Carol!" Amongin alimpokea uani. "Wewe nakuja na kuku, nani amekufa?"

"Hakuna, mkwe wangu. Nimekuja kuwajulia hali."

Wakajuliana hali. Wakaulizana watoto, wakaulizana wajukuu, wakaulizana mbuzi mmoja mmoja, mpaka kivuli cha ghala kikafika miguuni pao na hakuna tena wa kuuliziwa. Maximilla akainamisha kichwa.

"Mkwe wangu, nimekuja na aibu. Mbegu ya mama yangu niliwapa kuku."

Amongin hakucheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na kibuyu cheusi tititi, kizito, kimezibwa kwa gunzi.

"Hii hapana yangu," alisema. "Hii mtoto wenu nakuja nayo. Kila mwaka mimi nalima, narudisha ndani. Kitu ya mgeni hapana lala njaa. Mimi nangoja tu mwenyewe akumbuka."

Maximilla aliona haya mpaka machozi yakamtoka. Miaka mitatu alikuwa akimhurumia mwanamke huyu kwa ushamba wake, kumbe mshamba ndiye aliyekuwa akimtunzia akili.

"Ukivuna, rudisha ya kwangu na juu kidogo," Amongin alisema. "Hiyo ndio sheria."

"Sheria hiyo ina kurasa ngapi?"

"Kurasa gani?" Amongin alimshangaa. "Na ingine moja. Kwa njia watu watauliza. Wewe usisema hii ni chakula. Mbegu wakiita chakula inakufa moyo. Haioti."

Kurudi, angeweza kupita njia za panya kama wanavyopita wenye busara wote wa Busia. Lakini mtu ambaye sura yake iko barabarani hapiti vichochoroni. Maximilla akabeba kibuyu chake kifuani, akaingia kwenye jengo la mpakani, chumba ambamo meza ya Uganda na meza ya Kenya zimetengana kwa hatua mbili.

Wa kwanza alikuwa Ogwang, mkaguzi wa upande wa Uganda. Alizibua kibuyu, akaruka nyuma.

"Eh! Mahindi gani hii iko na rangi tatu? Hii ni ile ya maabara! Kwetu ile bado haijaruhusiwa."

"Lakini inatoka kwenu, baba."

"Hiyo ndio shida. Nani aliingiza?"

Mezani pa Kenya, Ronald alifungua daftari la mbegu zilizosajiliwa, akapitisha kidole juu hadi chini. "Mathe, hii haiko kwa list."

"Ni ya mama yangu."

"Mama yako aliisajili?"

"Mama yangu hata yeye mwenyewe hakusajiliwa."

Basi kwenye meza ya kwanza mahindi yale yalikuwa mapya mno, na kwenye meza ya pili yalikuwa ya kale mno. Ogwang hakutaka yarudi, Ronald hakutaka yaingie. Mstari nyuma ya Maximilla ukarefuka. Wanawake wenye ndizi na samaki vichwani wakaanza kusonya.

"Mama, sema tu ni chakula," Ogwang alimnong'oneza kwa huruma. "Chakula inapita. Malori na malori inapita hapa."

"Eeh, sema ni chakula, utoke," akasema Ronald. "Nitaandika hivyo, na story iishe."

Maximilla alifungua kinywa. Mbele ya kamera za kampuni alikuwa amesema maneno mengi ambayo hakuyaamini, na yote yalitoka bila kukwaruza koo. Sasa lilitakiwa neno moja tu, na halikutoka. Aliona kiganja cha Amongin juu ya gunzi la kibuyu, akaona kuku wakidona uani.

"Ni mbegu," alisema.

Mstari mzima ukaguna. Ronald akamtazama, akageuka kutazama ukuta nyuma yake, akamtazama tena. Ukutani palikuwa na bango la kijani: MIMI NIMESAHAU MBEGU YA ZAMANI.

"Ngoja. Si huyu ni wewe?"

Chumba kizima kilicheka, na mama wa ndizi akaomba apishwe aone vizuri. Maximilla alitamani sakafu imfungukie. "Ni mimi," alisema, "lakini ile kofia si yangu."

Ronald alicheka hadi akavua miwani. Halafu akamimina punje chache kiganjani, akazigeuzageuza, na kicheko kikamwisha polepole. "Nyanya yangu alikuwa na hizi, huko Nambale," alisema. "Alikuwa anatupikia na kunde." Akavuta fomu, akaandika kwa mwandiko wa serikali: Kibuyu, kimoja, cha mapambo. Fomu haikuwa na mahali pa kuuliza kilichomo ndani ya mapambo.

Akagonga muhuri. Kisha, bila kuinua uso, akauliza kama anaweza kupata konzi moja, ampelekee mama yake. Ogwang akakumbuka kwamba hata yeye ana mama, huko Kisoko. Maximilla akawapimia kila mmoja konzi, huyu kwenye leso, huyu kwenye bahasha ya ofisi, akawasomea sheria ya Amongin yote: mkivuna, rudisheni na juu kidogo. Wote wawili wakaapa.

Alipanda chini ya bango, kwa kuwa hakuwa na shamba jingine. Mwezi wa tano jua liliwaka likapitiliza, na Tajiri Tisa ya majirani ikajikunja majani. Yale ya kibuyu yalisinyaa mchana na kuinuka jioni, yakazaa. Hayakuzaa sana, bali yalizaa. Yalipokaribia kukauka Sydney akatokea, na safari hii kamera ilikuwapo. Alizunguka shamba mara tatu, akapiga simu, akarudi ameng'aa.

"Mama, bosi amefurahi sana. Mbegu yetu hii inavumilia ukame!"

"Yenu?"

Akamfungulia ukurasa wa tisa. Mazao yote ya shamba la mfano, ulisema, ni mali ya kampuni. Sahihi ya Maximilla ilikuwa pale chini, nzuri, na jina halikukosewa hata herufi. "Tutayachukua yote tukayasajili," Sydney alisema. "Tutaiita Tajiri Kumi. Na bango jipya ni lako, mama, usiogope."

Na ukweli usemwe, ibilisi wa sifa alimpitia. Maximilla aliuliza kofia ya safari hii itakuwa ya rangi gani.

"Nyekundu."

"Na mwakani nikitaka kupanda?"

"Utanunua kama wengine. Lakini kwa mkulima wa mfano kuna punguzo."

Maximilla alitazama mahindi ya mama yake, akamtazama kijana. Moyo ulimwaka, lakini uso ukabaki na ule ule utulivu wa bangoni. "Njooni Jumatano," alisema. "Mtayakuta tayari."

Jioni hiyo hiyo alianza kuvuna. Mahindi bora aliyapukuchua kwanza. Amongin akapata kibuyu chake na juu kidogo, kikaondoka na Carol aliyeitwa kwa simu. Kisha majirani wakaja na vibuyu vyao, wale wale waliompa jina, na hakuna aliyerudi na kitupu. Alipojaza cha kwake alikitundika juu ya meko, penye moshi mzito. Yaliyosalia alikwenda kuyaazimia masufuria ya kanisa, yale ya harusi na matanga, akawasha kuni.

Jumatano lori likaja, na bosi mwenye tai, na wageni wawili wenye madaftari, na Sydney na magunia matupu begani. Shamba lilikuwa mabua matupu. Uani palinukia mahindi na maharagwe.

"Mama," Sydney aliuliza, "mazao ya kampuni yako wapi?"

Maximilla alifunua sufuria la kwanza. Punje nyeupe, nyekundu na za zambarau zilikuwa zimepasuka kwa kuiva, zikielea na maharagwe. Osborn, mtu wa maneno machache, akaleta sahani.

Bosi aliinama juu ya mvuke hadi tai ikakaribia kuchovya. "Hiki ni nini?"

"Hicho?" Lile neno lililokataa kutoka mpakani likamtoka Maximilla laini, bila kukwaruza koo. "Hicho ni chakula. Yote ya ukurasa wa tisa yamo, hesabuni. Chukueni mali yenu, baba. Nimeshaitia chumvi."