Kikombe Kizima

Mume wangu Wahome ana kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia. Figo zilipomgomea mwaka wa sabini na saba, ameshakuwa babu, watu walidhani atajilaza hospitalini angoje siku zake. Thubutu! Aliuza ploti moja ya kando ya barabara hapa Kinoo, akanunua mashine ya kusafisha damu, kubwa kama kabati. Daktari wa mjini akanifundisha kuiendesha. Mara tatu kwa wiki namuunganisha na mashine katika chumba cha nyuma, naye ananisomea gazeti kwa sauti na kunikosoa kila ninachogusa. Heri kelele zake nyumbani kuliko kimya cha wodi.

Shida yetu ni maji. Figo zikilala, maji hayana pa kutokea, kwa hiyo kipimo chake ni vikombe viwili kwa siku, chai ikiwemo. Mtu aliyekuwa akimaliza birika peke yake!

Mwaka uliofuata kitinda mimba wetu Wangui, karani wa benki mjini, alituletea Oloo, kijana Mjaluo mwenye adabu zake. Jamaa zangu walinuna, kwa kuwa si wa kabila letu. Wahome akasema, "Wazee wake waje tuzungumze." Siku ya wageni ilipofika, akanikataza kutaja ugonjwa.

"Funga mlango wa chumba cha nyuma. Sitaki kuonewa huruma nikijadili ng'ombe wa mahari."

Asubuhi hiyo alikataa chai yangu. Vidonge alivimeza vikavu. Nikajua amenuna, nami nikanuna, kwani mimi ni jiwe?

Wageni walifika jua likiwaka: Peres, mama yake Oloo, na mjomba wake Dalmas, fundi seremala asiyejua kunong'ona. Nikawapa soda baridi. Wote wakanywa, Wahome akasukuma yake kando. Dalmas akamnyooshea chupa kwa mkono wake mwenyewe, Wahome akatikisa kichwa. Sasa, kwetu hata kwao, mwenye nyumba asiyekunywa na wakwe amesema hapana bila kufungua mdomo.

Dalmas akasimama. "Peres, chukua mkoba. Hii mzee hataki sisi. Afadhali angetuambia tukiwa bado kwetu."

Wangui alinitazama, macho yamejaa machozi. Nilitamani kumfinya baba yake mpaka apige kelele.

"Kaa, mkwe," Wahome akasema. "Soda ni ya watoto. Hannah, lete chai. Mimi nipe kile kikombe kikubwa cha bati. Jaza."

"Kile kinameza vikombe viwili, Baba Wangui!"

"Jaza."

Hapo uvumilivu ukaniisha. "Unataka kufa mbele ya wageni? Daktari si alisema vikombe viwili kwa siku? Figo zako zitayapeleka wapi hayo maji?"

Siri nimeshaimwaga.

"Na leo umeniona nikinywa nini?" akaniuliza polepole.

Nikafikiri. Chai ya asubuhi aliikataa. Vidonge, vikavu. Soda, hakuigusa.

"Tangu jana jioni koo limekauka," akasema. "Nilikuwa nawawekea hawa kipimo changu."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nilimpenda mzee yule siku hiyo kuliko siku aliyonioa. Nikaenda kufungua mlango wa chumba cha nyuma, wageni wakaiona mashine. Dalmas aliizunguka akiigongagonga kama mbao za kununua, kisha akarudi akaketi, safari hii karibu kabisa na Wahome.

Nikajaza kikombe mpaka ukingoni. Wahome akanywa taratibu, amefumba macho, mpaka kikafika nusu. Kisha akampa Dalmas.

"Maliza."

Dalmas akachungulia ndani. "Lakini mzee, hii ni maji yako ya leo."

"Ndiyo. Na Wangui ni kitinda mimba wangu. Kunywa."

Dalmas akanywa mpaka majani ya chini.