Hatua Tatu za Ifrah

Jumapili ile nilisimamia fainali ya besiboli ya wasichana, Shauri Moyo dhidi ya Jericho, nikiwa refa mkuu kwa mara ya kwanza. Opicho, mwenyekiti wa ligi, alinionya asubuhi tukichora mistari kwa chokaa.

"Nabiswa, refa habadilishi maneno. Ukibadilisha hata mara moja, hapa Shauri Moyo sitakuita tena."

Nilitikisa kichwa nikakubali. Miaka mitatu nilikuwa refa msaidizi huku wanaume wakipewa fainali, na siku sita za wiki nauza viatu vya mtumba Gikomba nikiisubiri hiyo ya saba. Niliitaka nafasi ile mno, siwezi kudanganya.

Zamu ya mwisho ilifika timu zikiwa sawa. Bao moja tu lingewapa Jericho kombe. Ifrah wao, msichana mwembamba asiye na maneno mengi, aliupiga mpira ukapita juu ya vichwa vya wote hadi kwenye ukuta wa choo. Akatimua mbio, besi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpira ukarudishwa, ukadakwa, akaguswa nao akiwa amebakiza hatua moja afike nyumbani, besi ya mwisho ambapo bao huhesabiwa. Nikainua ngumi. Ametoka, bao hakuna! Shauri Moyo wakarukaruka kwa furaha.

Abdifatah, kocha wa Jericho, akanijia mbio. "Refa, Triza wa Shauri Moyo alimzibia Ifrah njia akitoka besi ya kwanza! Mpira hakuwa nao!"

Sheria hii naijua hata usingizini. Asiye na mpira, na ambaye mpira hauji kwake, hana ruhusa ya kusimama njiani mwa mkimbiaji. Akimzuia, refa hukadiria mkimbiaji angefika wapi, kisha humpa. Lakini lazima refa awe ameona, nami nilikuwa nimeukodolea macho mpira kule chooni. Nikamgeukia Kweyu, msaidizi wangu.

"Hata mimi nilikuwa nacheki mpira, mathe," akasema, akijikuna shingo.

Ningeweza kusema sikuona kosa lolote, na nisingekuwa mwongo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikaenda kuangalia. Udongo mwekundu wa murram ulikuwa mkavu, na tulikuwa tumeufagia kabla ya zamu ile. Soli nazijua, ndizo zinazonilisha. Viatu vya Triza ni mimi niliyemuuzia, cha kushoto kimelika kisigino upande wa nje. Alama zake zilikuwa hapo katikati ya njia ya kwenda besi ya pili, visigino vyote viwili vimezama kama vya mtu aliyejikaza asisukumwe. Nyayo za Ifrah zilikuja ndefu ndefu, zikafika kwa Triza, zikakatika. Fupi moja, ya pili, ya tatu, zikienda kando. Kisha zikarefuka tena.

Hatua tatu alizipoteza pale. Nyumbani alikosa moja.

Nikamwita. "Ifrah, mbona hukusema umezuiwa?"

Akainua mabega. "Nimezoea kuzunguka, mama."

Alisema bila hasira hata kidogo. Hasira yote ilinipata mimi, na nyingi ilikuwa ya kujikasirikia. Mtoto anazibiwa njia mbele ya watu mia mbili, nasi wote tunaangalia mpira.

Opicho alikuwa ameshafika ubavuni mwangu. "Nabiswa, ushasema ametoka."

"Nilisema, mwenyekiti. Nilikosea. Sikuwa nikimwangalia yeye."

"Unakumbuka tulivyoongea?"

"Nakumbuka."

Nikapaza sauti ili hata waliokaa juu ya ukuta wasikie. "Ifrah alizuiwa! Bao ni halali!"

"Mathe, umetuuza!" mtu akapiga kelele. Opicho alifungua kiganja, nami nikaweka ndani yake kihesabio changu cha refa, kile kidude cha kuhesabia mipira inayorushwa.

Ilibaki Ifrah akanyage nyumbani. Wasichana wa Shauri Moyo walikuwa wamejipanga mbele ya besi ile, wamefunga mikono vifuani, Triza akiwa katikati. Ifrah aliwafikia, akasita, akaanza kupinda kushoto.

"Ifrah!" nikamwita. "Usizunguke. Nyoosha."

Akasimama. Kisha akarudi njiani, akamkabili Triza. Triza alivitazama viatu vyake mwenyewe, halafu akasogea kumpisha.