Udongo Uliopikwa

Raiha alipiga magoti mbele ya geti akasugua soli za viatu vyake kama mfungwa aliyepewa zamu ya choo. Beseni la dawa lilinuka hospitali. Nyuma yake, ndani ya gari bovu la Ngahuia, mtoto mchanga alikuwa analia. Pembeni, juu ya nyasi zilizolowa, lilikaa kopo la aiskrimu lililofungwa kwa taulo la jikoni.

"Na kisigino, Shangazi," akasema Eruera.

"Changu au chako?"

"Shangazi, tafadhali. Kamera ile pale inaona."

Huyu Eruera ni mtoto wa kaka yake. Raiha alimtawaza kabla hajajua hata kutamka jina lake mwenyewe. Leo amevaa kizibao cha kung'aa cha kampuni na anamfundisha kusafisha viatu. Raiha akasugua kisigino. Alikuwa tayari kusugua hata meno, mradi tu apite.

Ndani ya kopo mlikuwa na kondo la nyuma la kitukuu chake. Ngahuia, mjukuu wake, alirudi na tumbo lake kutoka Brisbane makusudi ajifungulie kwao. Tangu siku aliyojifungua kondo lilikaa kwenye friza, katikati ya kome na mguu wa kondoo, limeandikwa kwa herufi kubwa SI CHAKULA, maana katika nyumba ile kuna shemeji asiyeuliza swali mbele ya sufuria. Kesho asubuhi Ngahuia na mtoto wanapanda ndege kurudi kazini. Kabla ya hapo lazima kondo liingie ardhini, kule kilimani, chini ya mkauri uleule, mti mrefu wa kale, lilikozikwa la Ngahuia, na la Raiha, na la mama yake Raiha. Kwao, mtu ambaye kondo lake halijarudi ardhini hana mahali pa kusimama akasema, mimi ni wa hapa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mlango wa kwenda kilimani waliufunga wenyewe. Mikauri ilipoanza kufa kuanzia mizizini, kwa ugonjwa unaosafiri na tope la viatu, majani yakawa manjano na utomvu ukachuruzika kwenye mashina, wazee walikaa wakaweka rahui: mguu usikanyage msitu mpaka udongo upumzike. Ndivyo walivyofanya tangu zamani, iwe ni ufuko, mto au msitu. Raiha ndiye aliyesimama akaimba maneno ya kufunga. Aliimba mpaka mbwa wakanyamaza. Watu wa serikali walipiga makofi, wakapiga picha, wakala kome wakashiba. Halafu wakaja na geti. Halafu ufunguo wa geti wakaipa kampuni, ikaondoe miti iliyokufa na kuchonga barabara ya kuuokoa msitu. Katazo la wazee lilikuwa la kila mguu. Geti lilikuwa la miguu yao tu.

Lori likaja likavuma, limebeba katapila. Kwenye minyororo ya katapila yalining'inia mabonge ya tope jekundu kutoka bonde la pili, kwenye mashamba ya misonobari. Eruera akainua kizuizi haraka.

"Hilo halisuguliwi?" Raiha akauliza, angali amepiga magoti.

"Lina kibali, Shangazi."

"Na tope lake limekisoma hicho kibali?"

Eruera akatazama viatu vyake mwenyewe. Vilikuwa safi sana.

Msimamizi, Bwana Pratley, akatoka ofisini na kikombe cha kahawa. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyepelekwa semina. "Mama Raiha! Sisi tunaheshimu sana mila zenu. Kilimani tumeshamaliza kazi, nitakusindikiza mwenyewe. Ila kofia ngumu ni lazima."

"Ya kunikinga na nini? Miti si mmeimaliza?"

Akaivaa. Akachukua kopo na beleshi, akapanda nyuma ya yule bwana.

Zamani kilima kile ukikikanyaga kinabonyea, kisha kinainuka polepole kama unga wa mkate uliochachuka. Mboji ilikuwa nyeusi, ya uvuguvugu, mkono unazama hadi kifundoni. Mama yake alimwambia kwamba alilizika kondo la Raiha kwa vidole vitupu, bila jembe wala mtu wa kumsaidia.

Mkauri bado ulikuwa umesimama. Peke yake. Barabara ilipita mguuni pake, ikawa imenyoa mizizi ya juu kama anayenyoa kidevu, na utomvu ulikuwa unashuka kwenye gome. Kuzunguka shina palikuwa na udongo wa mfinyanzi wa manjano, umeshindiliwa na magurudumu, maji ya mvua yamesimama juu yake yasijue pa kwenda.

Raiha akaweka kopo chini, akapiga beleshi. Likalia ngaa, kama amepiga sakafu ya benki. Akapiga tena. Akatupa beleshi, akainama, akaanza kukwangua kwa kucha. Ukucha wa kidole gumba ukavunjika. Alichopata kingejaza kijiko cha chai.

"Mboji iko wapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ah, tabaka la juu tumeliondoa. Lilikuwa na ugonjwa. Linakwenda kiwandani, linapikwa kwa mvuke, na kila kilichomo kinakufa."

"Kila kitu?"

"Kila kitu," akasema Pratley kwa fahari.

"Mpaka nyungunyungu?"

"Ni salama kabisa, Mama."

"Halafu mnalirudisha hapa."

Pratley akachungulia ndani ya kikombe chake. "Sehemu yake. Nyingine inauzwa kwa watu wa bustani. Uokoaji una gharama."

Raiha akainuka, goti moja, kisha la pili. "Katika huo udongo nilikuwamo mimi. Alikuwamo mama yangu. Alikuwamo na yule binti aliye getini. Mmetupika sote tuwe mbolea ya maua?"

"Naelewa uchungu wako. Sikiliza, naweza kumwita yule wa katapila akuchimbie shimo. Mara moja tu, limekwisha."

Raiha akatazama chini barabarani. Katapila lilikuwa linashushwa kutoka kwenye lori, na lile tope jekundu lilikuwa linadondoka, bonge baada ya bonge, juu ya mizizi iliyo wazi.

"Dubwana lako," akasema, "likamchimbie mama yako."

Tabasamu la semina likaisha. Pratley akamwaga kahawa yake palepale, kwenye mfinyanzi. Haikuzama. "Nimekuingiza kwa hisani, Mama. Nikitaka, naandika kwamba umevunja katazo. Katazo lenu. Uliloliimba wewe."

Raiha akaokota kopo. Taulo lilikuwa limeanza kulowana.

Getini Eruera alikuwa anamngoja na brashi.

"Tena?"

"Hata kutoka, Shangazi. Udongo wa humu hauruhusiwi kutoka." Akamshika mkono, akaona kucha. Akatoa brashi ndogo mfukoni, akaanza kuchokoa ule udongo wa manjano chini ya kila ukucha, polepole, akikwepa kile kilichovunjika. Nyuma ya mgongo wake lori jingine likatoka limejaa mboji hadi juu, bila turubai. Mabonge meusi yakadondoka barabarani, moja likamwangukia Eruera begani. Hakulipangusa.

"Bwana Pratley kapiga simu," akasema kwa sauti ndogo. "Kasema upewe na hii. Zawadi kwa jamii."

Ulikuwa mfuko wa karatasi, umechapwa picha ya mkauri na maneno: Udongo Asilia wa Msituni, Safi na Salama. Raiha akaufungua kona akanusa. Haukunuka mvua, wala majani, wala kuoza. Haukunuka kitu.

Akauchukua. Hata yeye hakujua kwa nini.

Ndani ya gari Ngahuia alikuwa ananyonyesha. Akainua uso. "Tayari, Bibi? Umemweka karibu na mimi?"

Raiha akauweka mfuko kwenye kiti cha nyuma, na juu yake akaweka kopo, maana hapakuwa na nafasi nyingine. Akafunga mlango.

Tone likaanguka juu ya karatasi, jekundu, kisha jingine. Wino wa picha ukaanza kutiririka, na mti ukaanza kufutika kuanzia kwenye mizizi.