Kijiko cha Kuonjea

Jikoni wote walimwita Jemadari, na si bure. Bweni zima la chuo lilikula kwa mkono wake, na hakuna sufuria iliyoepuliwa kabla ulimi wake haujatoa ruhusa. Kijiko cha kuonjea kilikaa mfukoni mwa aproni yake kama kalamu ya mwalimu.

Alikuwa na mwili mkubwa na hakuuonea haya. "Mpishi mwembamba mkimbieni," aliwaambia wasaidizi wake. "Hata yeye hakiamini chakula chake."

Lakini figo za mdogo wake ziligoma, akawa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Vipimo vikaonyesha figo ya Jemadari, dada yake, inamfaa. Madaktari wakasema kwa uzito ule hawathubutu kumpasua, apungue kwanza.

Ndipo akaenda kushonwa tumbo. Si kwa kisu: bomba jembamba hupitishwa kooni, tumbo likashonwa kwa ndani libaki dogo. Kabla ya hapo daktari, binti wa umri wa mwanawe, alimuuliza maswali na kuyaingiza majibu kwenye kompyuta inayobashiri nani atapungua na nani atakwama.

"Unakula katikati ya milo, mama?"

"Mimi? Hata nafasi ya kukaa sina!"

Kompyuta ikabashiri mema. Daktari akatabasamu. "Mwaka hautaisha kabla hujafika uzito wa kutoa figo."

Mwanzoni alipungua kweli, gauni likamcheza mwilini. Kisha mzani ukatia nanga. Kila akirudi kliniki, pale pale. Daktari akachungulia mishono kwa kamera, akaikuta imara. Mdogo mtu naye alizidi kufifia.

Siku moja alitoka kwenye mashine yake akapitia jikoni, akaketi kwenye kigoda.

"Dada, unakula nini?"

"Sili. Naonja mchuzi."

Akaonja maharage. Akaonja uji wa maziwa. Akarudi kwenye mchuzi, mafuta yakielea juu, akapiga vijiko viwili.

"Mwonja asali haonji mara moja," mdogo wake akasema.

"Nifundishwe adabu nawe leo? Tangu lini kuonja kukawa kula?"

Mdogo wake akakikazia macho kijiko. Mkono wa Jemadari ukasimama hewani. Kijiko chenyewe kilikuwa kipana kama kiganja cha mtoto, na kilipanda na kushuka tangu alfajiri. Tumbo lililoshonwa lilikataa sahani. Mafuta ya kijiko kimoja kimoja lilikuwa likiyapokea kutwa.

Kesho yake alikiweka kijiko mezani kwa daktari. "Sikukudanganya, binti yangu. Kwetu jikoni hiki hakihesabiwi."

Daktari alikigeuzageuza. "Nami nilikuuliza milo, sikukuuliza kazi yako." Akaingiza majibu upya, uso ukamshuka. "Ukiendelea hivi, mama, hutafika."

"Na nikiacha?"

"Hapo kompyuta inabahatisha tu. Inabashiri kwa wagonjwa waliotangulia, na sijapata kumtibu mpishi aliyeacha kuonja."

Akarudi jikoni, akamwita msaidizi wake mkuu, akampa kijiko.

"Onja."

"Mimi, Jemadari? Si ulisema ulimi wangu wa mbao?"

"Ni wa mbao. Onja."

Msaidizi akaonja, akakuna kichwa. "Chumvi bado."

Jemadari aliiona chumvi ikitiwa, akajua inatosha, tena imetosha sana. Mate yakamjaa. Heshima aliyoijenga kwa miaka ilikuwa ndani ya sufuria ile. Kwenye kigoda mdogo wake, aliyepitia tena siku hiyo, alikuwa ameinamia sakafu, kama mtu anayeogopa kuomba.

"Ongeza basi," Jemadari akasema, akageukia dirishani ili asione.

Mchana ukumbi wa kulia ukawaka kwa kelele za wanafunzi. "Jemadari, leo umetukaanga kwa chumvi! Ulimi wako uko wapi?"

"Likizo," akajibu. Akachukua jagi, akapita meza kwa meza akiwajazia maji.