Kinu Kisichooshwa

Asubuhi ya Sabato, mwaka wa 1996, watu wa Rodi Kopany walipokuwa wakienda kanisani, mimi nilikuwa nafungua maabara ya shule ninayofundisha.

Binti yangu Milka alikuwa anatapika tangu alfajiri. Ijumaa nilimnywesha unga wa maua makech, yale ya njano, uliotwangwa pamoja na majani yake, kwa ajili ya tumbo. Ni machungu lakini hayana neno. Shida ni kopo la pili: unga wa majani ya kichaka cha nyabende, ninaotia kwenye mbegu za mahindi ili wadudu wasizitoboe. Huo ni sumu. Nao ni wa kijani vilevile, na Ijumaa nilikuwa nakimbizana na jua nimalize kazi kabla Sabato haijaingia. Haraka haraka haina baraka. Nilichota kopo lipi?

Mume wangu, Mogire, alishambeba mtoto hadi kituo cha afya. Kabla sijaja maabara, daktari wa huko aliniambia, "Mwalimu, nataka kujua alikunywa nini haswa. Harakisha."

Nikaweka chini ya hadubini tone la machicha yaliyobaki kwenye kikombe cha Milka. Vinyweleo vya jani vilikuwa na pingili kama muwa, na chavua ilikuwa na miiba pande zote. Maua makech! Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha, pembeni, nikaona kinyweleo kimoja kinene, kigumu, hakina pingili hata moja. Nyabende.

Mimi ndiye ninayewafukuza wanafunzi maabara kwa kutoosha vioo. Nikaosha kioo, nikatia tone jingine. Kikawepo tena. Tone la tatu, vikawa vitatu. Kioo kilikuwa safi. Kinu ndicho hakikuwa safi: nilitwanga nyabende, nikakung'uta, nikatwanga dawa ya mwanangu humohumo.

Nilikimbia kwenda kituoni. Njiani nilitamani kusema ni maua makech tu. Nani angejua? Niliyaogopa macho ya Mogire.

"Daktari, kuna nyabende ndani. Kosa ni langu, sikuosha kinu."

Mogire aligeuka akatazama ukuta. Daktari akafuta alichoandika. "Nilikuwa nimeandika malaria," akasema. "Huyu haendi nyumbani leo." Akamtundikia maji.

Alasiri Milka alifumbua macho, akaliona koti langu la maabara.

"Mama, leo ni Sabato. Umefanya kazi?"

"Nimefanya, mwanangu," nikasema, nikaangua kilio.