Ukuta wa Upande wa Mto

Kwa miaka kumi na moja nyumba za mtaa wetu ziliupa mto mgongo. Ng'ambo walikuwa maadui, na risasi haipigi hodi, kwa hiyo kila aliyejenga aliweka mlango upande wa barabara ya juu. Ukuta wa upande wa mto ukaachwa mzima, isipokuwa tundu la hewa moja au mawili chini ya paa. Nyingi ya kuta hizo nilizijenga mimi. Mpaka leo ukizipima wima kwa timazi hazina aibu.

Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi, mji uligeuka kama mtu aliyechoka kulalia ubavu mmoja. Daraja lilitengenezwa. Barabara mpya ya lami ikapita ukingoni mwa mto, na mabasi yakahama ile ya juu. Watu wa ng'ambo walivuka kuja kununua misumari, sabuni na vitambaa; sisi tukavuka kufuata mahindi na mbuzi wao. Haukupita muda kila jirani alikuwa ananiita: fundi, njoo utoboe. Nikatoboa kwa kinyozi, kwa muuza dawa, kwa muuza vipuri vya baiskeli. Kuta nilizozisimamisha kwa jasho nikazitoboa kwa jasho.

Nyumba moja tu ilibaki vilevile, nayo ilikuwa ya dada yangu.

Dada ni mshonaji. Chumba chake cha kazi kinaanzia mlango wa barabara ya juu na kuishia ukuta wa mto, na cherehani yake ilikaa mlangoni kwa ajili ya mwanga. Barabara ya juu ilipokufa, wateja walikauka. Siku nzima alikuwa akipanga vipande vya vitambaa alivyokwisha kuvipanga. Binti yake, anayeishi mji mkuu, alimbana auze cherehani akaishi kwake, naye akakubali nusu: mvua zikianza kabla kazi haijarudi, atauza na kuondoka. Sikutaka aende. Ndiye aliyenilea, na ndugu mwingine sina.

"Dada, nikutobolee mlango upande wa mto," nilimwambia.

"Hutoboi."

"Watu wote wanapita huko. Hapa unamshonea nani, nzi?"

"Mdogo wangu, pale palikuwa na dirisha. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nyumba yake ilitangulia vita. Mwaka wa pili wa vita shemeji yangu alisimama kwenye dirisha hilo asubuhi, kioo amekiegemeza kwenye nondo, akinyoa ndevu. Alikuwa amemaliza shavu moja risasi ilipomkuta. Wiki ileile dada aliniita nikaliziba kwa matofali, nikapiga plasta, na mgeni hawezi kuona lilipokuwa. Dada anapaona.

Sikumsukuma zaidi.

Wakati huo nilikuwa na kazi nyingine darajani. Mkataba ulitaka ofisi ya ushuru ijengwe na mafundi wa pande zote mbili, nusu kwa nusu. Kwa upande wetu nilichaguliwa mimi, na sioni wangemchagua nani mwingine. Kwa upande wao alikuja mwashi wa rika langu, mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko matofali. Siku za kwanza tuliangaliana kwa jicho la pembe. Mimi nilipita nikichungulia saruji yake, yeye akapita akichungulia kamba yangu.

"Zege lako jepesi kama uji wa mgonjwa," nilimwambia.

"Na wewe plasta unaipaka kama unampaka mtoto mafuta," alijibu. "Sugua, mzee mwenzangu, ukuta haulii."

Kuta zilipofika kwenye paa tulikuwa tunakunywa chai kwenye chupa moja.

Kisha akaja injinia, mwanamke kijana aliyetumwa kutoka mji mkuu kukagua. Aliingia ofisini, akapindua ndoo, akaikalia mahali ambapo karani angekaa. Akatazama mbele. Akainua kichwa, akatazama juu.

"Baba zangu," alisema, "karani akikaa hapa ataona nini?"

Tulitazamana. Madirisha yote yalikuwa juu ya kichwa cha mtu aliyesimama.

"Ataona mawingu," alijijibu mwenyewe. "Mmejenga ofisi au mahabusu?"

Mchoro ulionyesha upana wa madirisha na mahali pake. Urefu kutoka sakafuni haukuandikwa, kwa kuwa injinia alidhani kila mwashi anaujua. Na kweli tuliujua. Mimi nilipandisha madirisha ya nusu yangu, yeye akapandisha ya nusu yake, bila kuulizana, na pima maji ilipowekwa hayakutofautiana hata kidogo. Mwenzangu alikaa juu ya mifuko ya saruji akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sisi tuliwakimbia ninyi," alisema. "Ninyi mlikuwa mnamkimbia nani?"

"Uliza tena nikupige mwiko," nilimwambia, lakini nilikuwa nacheka pia.

Ilibidi tuyashushe. Ni katika kuinama na sululu ndipo suruali yake ilipochanika nyuma, kutoka mshono hadi mshono.

"Nani anashona karibu?"

Nilimwonyesha nyumba ya dada.

"Ile isiyo na uso?"

Alijifunga koti langu kiunoni, akaenda kwa upande wa mto, nami nikamfuata nione mwisho wake. Aliutembea ukuta mara mbili, huku na huku, kisha akaugonga kwa ngumi.

"Hodi wenye ukuta!"

Halafu sauti ya dada ikatoka kwenye tundu la hewa: "Mlango uko barabara ya juu."

"Siwezi kuzunguka, shemeji. Suruali imenisaliti. Nikipita mtaani watoto wataniimbia."

"Shemeji kwa ndoa ipi?"

"Samahani, mama."

"Wewe unatoka wapi, na lafudhi hiyo?"

Mwenzangu alinitazama. Nami nilijua kila kitu kinaweza kuishia hapo.

"Ng'ambo," alisema. "Lakini suruali ni ya kwenu, nimeinunua hapa sokoni. Ndiyo maana imechanika."

Kiti kilikwaruza sakafu ndani. Kisha: "Rusha."

Aliivua akiwa amejifunga koti vizuri, akaivingirisha, akarusha. Mara mbili ilimrudia usoni. Mara ya tatu ikaingia tunduni. Tukasikia cherehani ikianza kuzunguka.

"Na nyumba yako," dada aliuliza kutoka ndani, "ina dirisha upande wa mto?"

"Haina. Mke wangu hataki hata kusikia. Kaka yake aliuawa akichota maji pale chini."

Cherehani ilisimama. Nilikitazama kiatu changu. Baadaye ikaanza tena, polepole, na suruali ikatoka tunduni ikamwangukia kichwani, imepigwa mshono mara mbili.

"Mwambie mkeo pole," sauti ilisema.

Kesho yake dada aliniita. Nilikuta amekwisha kuikokota cherehani mpaka ukuta wa mto, peke yake, na sakafu imechubuka.

"Dirisha," alisema. "Mlango tutaona baadaye."

Nilichukua penseli na pima maji, nikaenda moja kwa moja pale nilipolizibia lile la zamani.

"Pale hapana! Pale pabaki. Hapa, kando yangu."

Alikaa kwenye kiti chake nami nikapiga mstari wa kizingiti cha chini. Aliinua macho akautazama, shingo imepinda.

"Huko nitawashonea malaika?"

Nilikuwa nimeupandisha tena, juu ya kichwa, hata wiki haijapita tangu tuyashushe yale ya ofisini. Dada alichukua chaki yake ya kushonea na, bila kuinuka, akachora mstari wake mwenyewe usawa wa kiwiko.

"Nataka nimwone mteja anakuja, mpaka viatu."

Mwenzangu alikuja akapasua kwa nje, mimi kwa ndani. Tofali la kwanza lilipoanguka, mwanga uliangukia mezani, juu ya mikono yake. Hakutazama nje. Alitunga uzi kwenye sindano, akautunga vibaya, akautunga tena. Simu ikalia.

"Nitakupigia, mwanangu, nina vumbi mpaka puani," alisema. "Cherehani? Nani kakwambia nauza?"

Aliiweka simu, na tundu liliposhuka mpaka kwenye mstari wa chaki, akatazama. Mto, barabara, na ng'ambo nyumba moja yenye ukuta mtupu.

"Ndiyo yenu ile?"

"Ndiyo hiyo," mwenzangu alijibu kutoka nje.

"Haina uso."

Mwenzangu alicheka, akaruka dirisha akaingia ndani na kamba mkononi. Akamwomba dada akae wima, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye mstari wa chaki, akafunga fundo.

"Ya nini hiyo?"

"Nampelekea mke wangu. Nikimchorea mimi, mkono utapanda."