Kiatu cha Msichana wa Ukutani

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kiatu. Kiatu cheusi cha mwanamke, cha kufunga kwa kamba, kisigino kimelika upande mmoja, ncha imeelekea kule ndani ya mlango kama mtu anayeondoka. Mimi hutembea nikitazama chini, hasa penye watu wengi, kwa hiyo watu wengi nawajua kwa viatu kabla ya sura. Nikadhani ni mfanyakazi wa jumba anapita, amenishikia mlango. Nikasema, "Hodi, asante," kama tunavyosema watu wa kijiji cha Roncavalle kwenye kila kizingiti, hata cha banda la kuku, nikaingia.

Nikagonga ukuta kwa paji la uso.

Ukumbi mzima ulicheka. Mlango ulikuwa wa kuchorwa, na aliyeushika naye alikuwa wa kuchorwa.

"Ilda, mwanangu!" Ampelio fundi viatu alipaza sauti. "Mlango huo una miaka mia nne haujafunguliwa, na wewe unataka ufunguke kwa hodi moja?"

"Mwache," mkewe alimwambia. "Wewe mwenyewe umemsalimia mbwa wa kwenye picha."

"Nilimsalimia kwa sababu ana adabu kuliko ndugu zako."

Nilishika paji langu. Uso uliniwaka. Siku nyingine ningegeuka nikakimbia mpaka nyumbani, lakini siku hiyo sikuweza kukimbia, maana nilikuwa nimekuja kumtafuta mtu, na mtu huyo alikuwa kwenye ukuta mmojawapo wa jumba lile.

Mama yangu aliitwa Nives. Alikuwa akipiga pasi katika jumba hilo. Alikufa kwa homa ya mapafu majira ya baridi, mwaka uliofuata baada ya vita, nikiwa na miaka minne. Picha yake hatukuwa nayo. Ya harusi iliungua pamoja na nyumba, na kaburini kuna msalaba wa mti tu. Ninachokikumbuka ni harufu ya wanga iliyoungua kidogo, na kovu la pasi kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, umbo kama jani la mzabibu. Nilikuwa nikiweka kidole changu juu yake ndipo nipate usingizi. Uso wake sikuwa nao. Kila nilipojaribu kuuwaza, palikuja uso wa mama mkubwa Onorina, dada yake, aliyenilea.

Mama mkubwa hakuniambia kwamba mama amekufa. Aliniambia, "Mama yuko kazini, kule jumbani." Nadhani alitaka kunipunguzia uchungu, au kujipunguzia yeye. Basi kila jioni nilikwenda kukaa kwenye jiwe lililo pembeni ya lango. Kengele ya kutoka kazini ikilia, wanawake walitoka wakifungua aproni zao, na mimi nilitazama viatu vyao kimoja kimoja. Wakinipita walinyamaza. Nilikaa hivyo majira ya machipuko yote na kiangazi chote, mpaka siku moja, kwenye mafundisho ya kanisani, mtoto mmoja aliniambia, "Mama yako alizikwa siku ya theluji, mimi nilikuwepo." Tangu hapo sikwenda tena langoni. Baadaye nikaacha shule darasa la tatu ili nimsaidie mama mkubwa kufua nguo za watu, na jumba nikawa naliona kwa mbali tu, juu ya kilima, na miti yake mirefu myembamba imesimama pande zote mbili za njia.

Halafu mwaka huu, wiki mbili kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Antoni, nilikuwa nasuuza mashuka kwenye birika la mawe la kufulia la kijiji pamoja na bibi Bepa. Bibi Bepa alipiga pasi na mama yangu, na siku hizi ndiye mtunza jumba. Alisema warithi wamekubali kufungua milango kwa wanakijiji siku ya sikukuu, jambo ambalo bibi mwenye jumba, Mungu amrehemu, hakulifanya tangu vita.

"Utakuja kumwona mama yako, sivyo?" akaniambia.

Nilidhani umri umemchanganya.

"Mama yako, pale ukutani. Ina maana Onorina hajakwambia?" Akaacha shuka. "Huyu mwanamke naye! Miaka yote hii!"

Nilipomuuliza mama mkubwa jioni ile, alikuwa akikoroga ugali, na hakugeuka. "Picha ni rangi," alisema. "Nilifikiri utaenda kukaa kule kama ulivyokaa langoni. Nisingeweza kukutoa langoni mara ya pili, Ilda. Sikuwa na nguvu hizo." Aliendelea kukoroga mpaka ugali ukashika chini.

Kwa hiyo nilikuja. Nilivaa gauni la kijivu la kanisani. Bibi Bepa alisimama mlangoni akigawa vipande vya sufu nzito vya kukanyagia, ili misumari ya viatu vyetu isikwaruze sakafu. Kijiji kizima kiliingia kikiteleza, wanaume wakijishikilia kwenye viti vya dhahabu na kukaripiwa. Kwanza tulikuwa tumepitishwa bustanini. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Milimau ilikuwa imetolewa nje kwenye vyungu vyake vikubwa, ikinukia, na maji yaliruka kwenye mdomo wa samaki wa mawe. Ampelio alisimama mbele ya sanamu ya mtu asiye na nguo. "Huyu hana hata suruali, ana bustani nzima," alisema. "Mimi nina suruali, sina hata kitunguu." Watu walicheka, nami nilitabasamu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye madirisha. Hofu yangu ilikuwa moja: nitasimama mbele ya mama yangu na sitamjua.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimemgonga, na sikumjua.

"Umeumia?" Bibi Bepa alikuja akiteleza, akanishika bega, akashusha sauti. "Umemfikia wewe mwenyewe. Inua kichwa, mtoto. Ndiye."

Niliinua kichwa.

Alikuwa msichana tu. Hilo ndilo lililonishtua. Nilikuwa nimemtafuta mama, na aliyekuwa pale alikuwa na umri wangu, labda miaka miwili au mitatu zaidi. Alikuwa amevaa gauni la zamani la kijani kama wale wengine wa kwenye kuta, ameshika ukingo wa mlango, amegeuza uso kututazama juu ya bega. Nilimtazama paji, pua, mdomo. Nilisubiri kitu kiamke moyoni mwangu. Hakikuamka. Ulikuwa uso mzuri wa mtu nisiyemjua, na nilihisi baridi, kama nimefika nyumbani nikakuta wanakaa watu wengine.

"Wanajeshi walilala humu wakati wa vita," bibi Bepa alieleza, si kwangu tu, maana watu walikuwa wameanza kusogea. "Waliwasha moto hapa hapa ukutani. Msichana wa zamani aliyechorwa hapa aliungua kabisa, ukabaki mlango. Vita vilipoisha mchoraji akaletwa kutoka mji wa Vicenza kumchora upya. Hakuwa na mfano. Nives akamletea supu, naye akamwambia, simama hapo hapo."

"Hicho kiatu si cha miaka mia nne," Ampelio alisema. Alikuwa ameinama, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Kisigino hicho nakijua. Alikuwa akikanyaga upande. Nilimwambia aniletee nikitengeneze, akasema atakuja Jumamosi." Alivua kofia yake. Hakusema Jumamosi ipi.

"Gauni mchoraji alilitunga, viatu akaviacha vile vile vya Nives," alisema bibi Bepa. "Alikuwa na haraka, kwa sababu Nives naye alikuwa na haraka. Mchoraji alilalamika kutwa nzima! 'Bibie, nitazame mimi, usitazame mlangoni.' Na yeye kila dakika: 'Bwana, bado? Nina mtoto nyumbani ana homa.' Anamtazama kidogo, mguu unaelekea kule. Mchoraji akachoka, akamchora hivyo hivyo. Wageni wakija husema, tazama, msichana anachungulia aone kuna nani. Anachungulia nini! Alikuwa anakwenda nyumbani."

Mke wa Ampelio alinigusa mgongo, kisha akamvuta mumewe kuelekea chumba kingine, na wengine wakawafuata, vipande vyao vya sufu vikifanya sauti ya ufagio.

Nilibaki. Nilitazama mkono uliokuwa umeshika mlango. Ulikuwa wa kushoto. Mkono wa gauni ulikuwa umevutwa nyuma kidogo, na kwenye kifundo palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia. Mtu asiyejua angesema ni uchafu, au rangi iliyopasuka. Kilikuwa na umbo la jani la mzabibu.

Sikujali tena kama kuna anayetazama. Niliweka kidole changu pale.

Ukuta ulikuwa wa baridi. Lakini nilifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni uso uliokuja haukuwa wa mama mkubwa. Ulikuja huu, umegeuka juu ya bega, una haraka.

"Usiguse rangi," bibi Bepa alisema nyuma yangu. Halafu akasema, "Haya, gusa." Akageuka akajifanya anakunja vitambaa.

Sijui nilikaa muda gani. Kengele ilipolia, ile ile ya zamani, sasa wanaipiga kuwaambia wageni watoke, mwili wangu ulishtuka kabla yangu. Nilirudisha mkono. Nilipitia bustanini, kwenye milimau, nikatoka langoni. Mama mkubwa Onorina alikuwa amekaa kwenye lile jiwe, amefunga kitambaa chake cha Jumapili. Hakuingia. Alikuwa amekuja kunichukua.

"Umemwona?" aliniuliza.

"Nimemwona."

"Picha imefanana naye?"

Nilisema ndiyo. Akainuka kwa shida, akanishika mkono, tukashuka kilima.

Lakini lipo ambalo sikumwambia yeye, wala bibi Bepa, wala padri. Kipindi kile nilipokaa kwenye jiwe, niliamini kwamba mama hataki kutoka. Niliamini kwamba mle ndani kuna chakula bora na watoto wasafi kuliko mimi, na nilimchukia kwa hilo, na hata nilipojua kwamba amekufa, chuki ile ndogo ilibaki. Kuna maneno niliyokuwa nimeyaandaa kumwambia atakapotokea langoni, kisha nikaona yamepitwa na wakati. Hata pale ukutani, kidole kikiwa juu ya kovu, sikuyasema.

Nayasema sasa. Mama, ni mimi, Ilda. Homa imeshuka. Kengele imelia, kazi imekwisha. Nimekuja kukuchukua.